Herufi moja na kromosomu nzima: kisa cha watoto wawili wa nyumba moja

Mama aliingia kliniki yetu ya selimundu Jumatano asubuhi, amemshika mkono binti yake wa miaka 9 na mgongoni amembeba mtoto wa miezi 3. Nyuma yao alikuja baba, na nyuma ya baba akaja mama mkwe. Binti ndiye mgonjwa wetu, tunamfuatilia tangu akiwa na miezi 11, na siku ile alikuwa mzima kabisa. Waliokuwa na shida ni watu wazima watatu, na kilichowasumbua kilikuwa kimefungwa kangani mgongoni mwa mama.

Mtoto alizaliwa mlegevu, pembe za nje za macho zimepanda juu, shingo fupi, na kila kiganja kina mstari mmoja tu unaokikata katikati. Hospitali alikozaliwa ilishuku Sindromu ya Down, ikachukua damu na kuituma mbali kwa ajili ya picha ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Majibu yalikuwa yamerudi kwenye bahasha, na baba aliishika bahasha ile kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mama mkwe hakungoja ifunguliwe. "Mwanangu nesi," aliniambia, "damu ya mke wa mwanangu ilimla mkubwa, sasa imemrudia mdogo. Tuambie ukweli." Mama mwenyewe alikuwa anatazama sakafu.

Nimebadilisha mambo machache ili familia isitambulike. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu nyumba hii ilikuwa na aina zote mbili za makosa ya vinasaba ambazo tulifundishwa sekondari kwenye kurasa mbili zinazofuatana. Wengi wetu tuliondoka darasani na sentensi moja kichwani: mabadiliko ya jeni ni madogo kwa hiyo athari zake ni ndogo, ya kromosomu ni makubwa kwa hiyo athari zake ni kubwa. Kuna ukweli ndani ya sentensi hiyo, lakini ukiibeba ilivyo hadi kwa familia kama hii utawaumiza.

Binti na herufi yake moja

Alianza kuugua akiwa na miezi 8. Viganja na nyayo zilivimba, akawa analia akiguswa. Nyumbani walidhani ni mchango, wakamkanda. Alipofikishwa kwetu macho yalikuwa ya njano na damu imeshuka sana. Kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini kilionyesha SS, yaani nakala zake zote mbili za jeni zina kosa la selimundu, S.

Kosa lenyewe lipo kwenye kromosomu ya 11, ndani ya jeni inayotoa maelekezo ya kujenga beta-globini, mojawapo ya protini mbili zinazounda himoglobini ya mtu mzima. Jeni husomwa herufi tatu tatu, kila tatu zikitaja tofali moja la protini. Mahali pa 6 panatakiwa kusomeka GAG, maana yake weka asidi ya glutamiki. Kwa binti huyu, kwenye nakala zote mbili, panasomeka GTG, maana yake weka valini. A imekuwa T, basi. Seti moja ya kromosomu za binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na ugonjwa wote wa mtoto huyu unaanzia kwenye moja.

Inawezekanaje? Asidi ya glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikishatoa oksijeni yake, valini ile hujibanza kwenye himoglobini ya jirani. Mbili zikishikana huja ya tatu, na ya nne, mpaka inapatikana nyuzi ngumu inayoisukuma seli kutoka ndani na kuipinda kama mundu. Seli iliyopinda hukwama kwenye vimishipa vidogo, na isipokwama hufa mapema: chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii huishi siku 10 hadi 20.

Damu hufika kila mahali, kwa hiyo madhara nayo hufika kila mahali. Mifupa huuma kwa namna ambayo mtu mzima akipatwa nayo hulia waziwazi. Bandama huharibika katika miaka ya mwanzo, na mtoto hubaki bila mlinzi wake mkuu dhidi ya bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, ndiyo maana tunampa penisilini kila siku hadi atimize miaka 5. Mishipa ya ubongo inaweza kuziba, mtoto akapata kiharusi kabla hajaanza darasa la kwanza. Mapafu na figo havisalimiki. Nilipokuwa naanza kazi nilimhudumia mtoto aliyepooza upande mmoja akiwa na miaka 5, na tangu siku ile sijaweza kumsikia mtu akisema "kosa dogo la jeni" bila kumkatiza.

Jambo lingine linaloonyesha kwamba ukubwa si kipimo ni kilekile kikundi cha herufi tatu. Kama GAG ingegeuka GAA, pasingetokea lolote, maana GAA nayo ni asidi ya glutamiki. Ingegeuka AAG, ingeingia laisini, tukapata himoglobini C, ambayo peke yake huleta ugonjwa mwepesi. Ingegeuka GTG, tunapata binti huyu. Na kama herufi moja ingedondoka kabisa, usomaji wote wa mbele ungesogea na protini isingejengeka. Baadhi ya aina za thalasemia ya beta hutokea hivyo. Kosa ni lilelile la herufi moja, na matokeo yake yanaanzia sifuri hadi kifo cha utotoni.

Mdogo na nakala ya tatu

Nilifungua bahasha. Iliandikwa 47, XY, +21. Mtoto ni wa kiume, ana kromosomu 47 badala ya 46, na iliyozidi ni ya 21.

Nilichotaka baba akione kwanza ni kwamba kwa mtoto huyu hakuna herufi iliyokosewa. Ukiisoma kromosomu ile ya tatu utaikuta sawa na zile mbili nyingine. Kosa ni la kiasi. Kromosomu ya 21 ndiyo fupi kuliko zote, lakini hata hivyo ina herufi zipatazo milioni 46 na zaidi ya jeni 200 zinazojenga protini. Zote hizo zinafanya kazi kwa vipimo vitatu palipotakiwa viwili. Mfikirie mpishi wa shughuli ambaye viungo vyake vyote ni vizuri, ila zaidi ya 200 kati yake vimetiwa kimoja na nusu. Hutaweza kuonja pilau ile na kusema ni iliki au ni mdalasini. Imebadilika yote, kidogo kidogo.

Athari hizi hazikungoja mtoto azaliwe. Binti alizaliwa mzima na mwenye afya, kwa sababu miezi ya mwanzo mtoto huishi kwa himoglobini ya tumboni, ambayo haina beta-globini. Selimundu humwibukia kadiri ile ya tumboni inavyopungua. Mdogo amejengwa hivi tangu mwanzo. Moyo wake uliundwa ukiwa na tundu katikati, panapokutana vyumba vya juu na vya chini. Karibu nusu ya watoto wenye Sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na hii ndiyo inayojulikana zaidi kwao. Tuliusikia mvumo kwa kifaa cha kusikilizia kabla hata hatujamaliza mazungumzo, tukamwandikia rufaa ya kipimo cha mawimbi sauti cha moyo na, kikithibitisha, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Tezi ya shingo, masikio na macho navyo vinatakiwa kupimwa. Atachelewa kukaa, atachelewa kutembea, atachelewa kusema. Lakini atakaa, atatembea, na wengi wao husema. (Baba aliuliza kama huu ndio usonji. Sio. Watu huchanganya mambo haya mawili mno, na watoto hupelekwa kwenye msaada usiowahusu.)

Upo upande ambao sentensi ya kitabu ni ya kweli kabisa, ila ukweli huo hauonekani wodini. Selimundu ipo kwenye kromosomu ya 11. Je, umewahi kukutana na mtu mwenye nakala tatu za kromosomu ya 11? Hutakutana naye. Ina zaidi ya jeni 1,000, na mimba ya namna hiyo huharibika mapema. Ukiacha zile za jinsia, nakala ya tatu ya kromosomu nzima katika seli zote za mwili kwa kawaida huruhusu mtoto kuzaliwa hai kwa tatu tu: ya 13, ya 18 na ya 21. Hizo ndizo zenye jeni chache kuliko nyingine zote, na hata hivyo wengi wa wenye 13 na 18 hufariki kabla ya mwaka mmoja. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina hitilafu ya idadi au umbo la kromosomu. Kwa hiyo ukitaka kuona ukali wa mabadiliko ya kromosomu uwahesabu na wale ambao hatukuwazika wala kuwapa majina. Mama huyu aliwahi kupoteza mimba mbili. Hakuna aliyezipima, nami sikumwambia ni hilo, ila nilimwambia kwamba mimba nyingi hutoka hivyo na si kwa sababu ya ndoo ya maji aliyobeba.

Kromosomu za jinsia zina huruma zaidi. Mwanamke mwenye X moja tu, au mwanamume mwenye XXY, anaweza kuishi miaka mingi, na wengine hugundua wanapotafuta mtoto bila mafanikio. Mwili una desturi ya kuzima X iliyozidi, na Y ina jeni chache sana.

Na kuna mtu anayetembea na mabadiliko makubwa ya kromosomu bila kuugua hata siku moja: yule ambaye kipande cha kromosomu moja kimehamia kwenye nyingine bila kitu kupotea wala kuzidi. Anaweza kulijua siku atakapopata mtoto. Wakati mwingine kuhama huko kunatokea ndani ya seli moja ya mwili, baadaye maishani, na hapo habari ni tofauti. Uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala, mara nyingi hutokana na kipande cha kromosomu ya 8 kuhamia kwenye ya 14, kikaiweka jeni moja ya ukuaji mahali ambapo haizimwi. Ukiniuliza hayo ni mabadiliko ya kromosomu au ya jeni, nitakujibu kwamba umbo lililovunjika ni la kromosomu, na madhara ni ya jeni moja.

Zimetoka wapi

Kwa mama mkwe, yote hayo yalikuwa pembeni. Swali lake lilikuwa moja: imetoka kwa nani?

Nilichukua karatasi nikachora mistari miwili. Mtoto mwenye SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Hakuna njia nyingine ya kawaida. Wazazi wote wawili ni AS, yaani nakala moja ya kawaida, A, na moja ya S, na tulikuwa na majibu yao tangu zamani, ila inaonekana hayakuwahi kufika kwa bibi. Kila wanapopata mimba, uwezekano wa SS ni 1 katika 4, wa AS ni 2 katika 4, wa AA ni 1 katika 4. Kete haikumbuki ilivyoanguka jana. Kati ya watoto wao wawili wa katikati, mmoja ni AS na mwingine AA.

Herufi ile ni ya kale. Imesafiri kutoka mzazi hadi mtoto kwa maelfu ya miaka, na kwetu Kanda ya Ziwa imejaa kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Afrika Mashariki: wenye AS walikuwa wengi kando ya Ziwa Victoria na pwani, kwenye malaria kali, na wachache kwenye nyanda za juu. S moja humkinga mtoto asife kwa malaria kali. Mbili humuua kwa njia nyingine. Hivyo kila kizazi kilipoteza watoto wa SS na kuokoa wa AS, na herufi ikabaki. Sijui kosa la kromosomu nzima lililowahi kuwafaa watu kwa namna hiyo.

Nakala ya tatu ya kromosomu ya 21 haikutoka kwa babu wala bibi. Ni mpya. Mayai ya mwanamke huanza kuundwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Hapo kila yai huanza kugawanya kromosomu zake, kisha husimama katikati ya kazi na kungoja. Yai lililomleta mtoto huyu lilingoja miaka zaidi ya 41. Vifungo vinavyoziweka kromosomu pamoja huchakaa kwa kungoja, na siku ya kugawana, zile mbili za 21 zinaweza kwenda upande mmoja. Mwanamke wa miaka 25 ana uwezekano unaopungua 1 katika 1,000. Wa miaka 40, kama 1 katika 100. Wa miaka 45, kama 1 katika 30. Hakuna chakula alichokula, dawa aliyomeza wala mtu aliyemkosea.

Mama aliinua uso hapo. Aliuliza, "Kwa hiyo hakuambukizwa na damu ya dada yake?" Hapana. Ni mambo mawili yaliyokutana nyumba moja.

Ilinibidi niseme pia kwamba bahasha ingekuwa na jibu jingine, ningesema maneno mengine. Watu 3 au 4 katika kila 100 wenye Sindromu ya Down wana kromosomu 46, lakini kipande cha 21 cha ziada kimegandishwa kwenye nyingine, mara nyingi ya 14. Hapo wazazi lazima wapimwe, kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa mbebaji mzima wa afya, na kama ni mama, uwezekano wa kurudia hufika 10 hadi 15 katika 100. Kwa sababu hii sikubali mtu aniambie picha ya kromosomu haina maana kwa vile "tumeshamwona usoni". Uso hauwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Basi kwa mimba nyingine, mahesabu ni mawili na kila moja lina njia yake: SS ni 1 katika 4 kama kawaida, na Down ni ile ya umri wake. Na kwa kuwa kosa moja halizuii jingine, tulichukua damu ya mdogo pia. Ilitoka na himoglobini ya tumboni, A, na S kidogo. Yeye ni AS.

Dawa ya nani

Baba alitaka kujua sindano ya mdogo. Miaka yote hii amekuwa akisikia redioni kwamba tiba ya selimundu imepatikana, akawaza kwamba kosa kubwa zaidi litakuwa limetafutiwa dawa kwanza.

Ni kinyume chake. Herufi moja ni shabaha. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya selimundu ni tofauti, na mwaka 1956 Vernon Ingram akaanza kuonyesha tofauti ilipo. Ukishajua mahali, unaweza kuzunguka. Haidroksiyurea, ambayo binti anaimeza, huamsha himoglobini ya tumboni ambayo haijipindi. Mwaka jana alilazwa mara 1, mwaka wa kabla ya kuanza dawa mara 5. Upandikizaji wa uloto huponya kabisa ukipata ndugu anayelingana, na umeanza kufanyika Dodoma. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nilimtajia baba bei hiyo, maana asingeijua angeuza ng'ombe kutafuta isiyofikika huku ile ya vidonge ikimngoja dirishani.

Mwaka huohuo wa 1956 ndio wanasayansi Tjio na Levan walihesabu sawasawa kromosomu za binadamu wakapata 46, na mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris wakatangaza ile ya 47. Wamejua mahali kwa muda uleule, lakini hakuna dawa ya kuondoa jeni 200 zilizozidi katika kila seli ya mwili. Kinachofanyika ni kurekebisha kimoja kimoja: tundu la moyo, tezi, sikio, ulimi unaochelewa. Na kazi hiyo si ndogo. Nchini Marekani mtu mwenye Sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka 25 mwaka 1983. Sasa ni karibu 60. Jeni haikuguswa hata moja. Walifanyiwa upasuaji, wakatibiwa nimonia, wakaacha kufichwa ndani.

Nikiwatazama wale watoto wawili siwezi kukuambia ni yupi mwenye athari kubwa zaidi. Binti ni wa tatu darasani na anajua maumivu ambayo baba yake hajawahi kuyajua. Mdogo hana maumivu, ananyonya akisimama kupumua, na huenda asije kusoma kitabu cha dada yake. Ninachoweza kukuambia ni mahali pa kutazama: kwa binti, homa ya leo usiku, kwa mdogo, moyo, kabla shinikizo kwenye mapafu halijaharibu nafasi ya upasuaji.

Walipoinuka kuondoka, mama mkwe alibaki kwenye kiti. Alikuwa bado anaitazama ile karatasi yenye mistari miwili. "Nesi," aliuliza, "hii S ya mwanangu, yeye aliipata wapi?"

Nilimjibu kwamba aliipata kwake au kwa marehemu mzee, au pengine kila mmoja wao alikuwa nayo. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba kwao walizaliwa 9, wakakua 4, na yeye malaria hazikumsumbua sana utotoni. Alikunja mkono wa gauni mwenyewe, akauweka mezani.

Majibu yake yalitoka wiki iliyofuata, siku waliyokuja kuchukua rufaa ya moyo. AS. Aliyasoma mara mbili, akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamwambia mke wa mwanawe ampe mtoto ambebe yeye, kwa kuwa stendi ni mbali.